Jembe la Siku ya Tatu

Methali "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" hufundishwa shuleni kama onyo kwa wavivu. Mgeni akizidisha kukaa huwa mzigo, mwalimu husema, basi afanye kazi au afunge safari. Pwani wazo hilo limepanuliwa hadi siku ya kumi, ukarimu ukipungua kila kukicha mpaka mgeni anafukuzwa. Mwalimu Nyerere naye aliitumia mwaka 1962 katika andiko lake kuhusu Ujamaa, akieleza kwamba jamii zetu za zamani hazikuwa na nafasi ya mtu wa kula jasho la mwenzake. Lakini katika maelezo hayo hayo aligusa jambo ambalo wafafanuzi wengi hulipita bila kusimama: kwamba huenda mgeni mwenyewe aliomba jembe kabla mwenyeji hajampa.

Kwa nini mtu anayepikiwa na kutandikiwa aombe jembe? Nadhani ni kwa sababu anajua kwamba anayehudumiwa bado yuko nje, hata akiwa amekaa sebuleni. Anakula chakula kizuri kuliko wenye nyumba, lakini hakuna anayemuuliza mvua zikichelewa tufanyeje. Jembe ndilo linalomwingiza ndani. Kwa hiyo mimi naisoma methali hii kama mwaliko, na nguvu yake naiona zaidi kwa watu wanaoishi kati ya nchi mbili, wale ambao kila mara huulizwa kwao hasa ni wapi.

Mlima Kilimanjaro una ushahidi wa zamani wa jambo hili. Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Uru, Old Moshi au Marangu, utakuta mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa mikono kutoka vijito vya msituni, ikapitishwa kwenye miinuko na mabonde hadi kwenye vihamba, mashamba ya familia ya migomba na kahawa. Maji hayakununuliwa. Kila kaya ilikuwa na zamu yake ya maji na sehemu yake ya kazi, na siku ya kufukua mfongo, kaya isiyoleta mtu ilitozwa faini au ilinyimwa maji. Aliyetaka kuingia aliwaendea wazee na mbege, pombe ya ndizi, akaomba, kisha akaja na jembe kama wengine. Haki ya kunywesha migomba na wajibu wa kuzoa tope havikutenganishwa, na jirani alijulikana kwa kuonekana mfereji ukiziba.

Mwaka 2014 Moshi ilifunga udugu na Tübingen, mji wa chuo kikuu kusini-magharibi mwa Ujerumani. Kuna dada mmoja wa Uru, muuguzi, anayeishi huko na familia yake. Huko, katika eneo la Uswabi, pana desturi inayoitwa Kehrwoche: wapangaji wa jengo moja hupokezana kufagia ngazi, varanda na njia ya mbele, wiki baada ya wiki, na kibao kidogo huning'inizwa kwenye mlango wa mwenye zamu. Majira ya baridi zamu hiyo huongezewa koleo la theluji, maana njia inapaswa kuwa safi asubuhi mapema kabla watu hawajaanza kwenda kazini. Wageni wengi huiona desturi hii kama kero, na Wajerumani wa mikoa mingine huwacheka Waswabi kwa ajili yake.

Miezi yake ya kwanza dada huyu majirani walimletea keki, wakamwonyesha duka na kituo cha basi, na hakuna aliyemdai kitu. Wakati huo ndio aliojisikia mpweke kuliko wakati wowote. Kisha siku moja akakuta kibao mlangoni pake. Akapiga simu Uru.

"Shikamoo mama. Nimepewa zamu ya kufagia ngazi."

"Marahaba mwanangu. Basi sasa unakaa huko. Zamani ulikuwa umefikia tu."

Mama huyo hajawahi kuvuka mpaka wa Taveta, lakini alielewa papo hapo. Nyumbani ni mahali ambapo usipokuwepo kuna kazi inayolala. Ukiondoka hotelini chumba kinasafishwa na kupewa mwingine. Ukiondoka pale ulipo na zamu, ngazi zinabaki na vumbi na mtu anauliza: huyu yuko wapi, anaumwa? Swali hilo ni malipo makubwa ya jembe.

Hata hivyo methali ina sehemu mbili, na watu wenye haraka ya kugawa majembe husahau ile ya kwanza. Siku mbili ni haki ya mgeni. Ni za kumpumzisha miguu, kumlisha na kumsikiliza ametoka wapi, ili atakaposhika mpini ashike akiwa mtu anayejulikana jina na safari yake. Ujerumani ilijifunza hili kwa njia ngumu. Kuanzia mkataba na Italia mwaka 1955, kisha Uturuki mwaka 1961 na nchi nyingine, iliwaita watu kwa wingi kuja kufanya kazi viwandani na migodini, na ilipofika 1973 ikasimamisha kuwaita. Waliitwa wafanyakazi wageni. Walipewa jembe siku ile ile ya kushuka kwenye treni, na wengi wao waliendelea kuhesabiwa wageni hata walipozaa watoto na kuzika wazee huko. Jembe lisilotanguliwa na siku mbili ni kibarua tu. Wazee wa Kilimanjaro wanaujua ukweli huu kutokana na enzi za ukoloni, watu wao walipolazimishwa kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, kwenye ardhi ya mlima wao wenyewe.

Na kuna neno dogo katika methali lisilopaswa kupotea: mpe. Mwenyeji ndiye anayetoa, na historia ya mlima huu inaonyesha inavyokuwa asipotoa yeye. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri, alifika Kilimanjaro mwaka 1902, miaka miwili tu baada ya Wajerumani kumnyonga Meli, mangi (mtawala) wa Old Moshi, Machi 1900. Ukoo wa Meli umeendelea kukitafuta kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Aliyeingia kwa bunduki hakubisha hodi, na methali hii haimhusu. Gutmann hakubeba bunduki, lakini alipita katika mlango uliovunjwa nayo. Aliishi miaka mingi Kidia, Old Moshi, akajifunza Kichagga, lugha ya wenyeji, kwa undani, akakaa na wazee na kuandika sheria zao na mafunzo ya jando katika vitabu vinene ambavyo hadi leo mtafiti wa mambo ya Wachagga hawezi kuvikwepa. Aliamini kwamba mtu huwa mtu ndani ya ukoo, ujirani na rika, na kwamba fedha na maisha ya mjini vingeweza kuvikata vifungo hivyo. Waingereza walimwondoa mwaka 1920. Alirudi baadaye, akaondoka kwa mara ya mwisho 1938, akafariki Ujerumani 1966.

Namheshimu kwa kazi yake, na naamini aliupenda mlima kwa dhati. Lakini yeye alijichagulia jembe. Wakati akihofia mabadiliko, Wachagga wenyewe walikuwa wanapanda kahawa, wakaanzisha chama chao cha wakulima mwaka 1925, kilichofuatiwa na ushirika wa KNCU mwaka 1933, wakajenga shule kwa fedha za kahawa na kuwatuma watoto wao mbali. Anayependa mahali kiasi cha kutaka pasibadilike hajawaachia wenyeji wampangie kazi. Naliona kosa hili hata kwa sisi tuliozaliwa hapa, tukiwa mbali. Tunaishi kwenye miji yenye treni za chini ya ardhi, halafu tunanung'unika kwamba kijijini wameng'oa mibuni wakapanda nyanya.

Ugumu mkubwa zaidi wa methali hii uko kwenye kurudi. Kila Desemba barabara ya kutoka Chalinze kupitia Korogwe na Same hujaa magari ya watu wanaokwenda mlimani kwao, treni ya Dar es Salaam iliyorejeshwa Desemba 2019 hujaa pia, na uwanja wa ndege wa KIA hushusha wale wa mbali kabisa. Dada wa Tübingen naye huja anapoweza. Mbuzi anachinjwa, mtori unapikwa, anapewa kiti chenye mto. Akinyanyua ndoo, mke wa kaka yake anamnyang'anya: "Acha wifi, umechoka na safari." Siku ya kwanza inampendeza. Siku ya pili anaanza kuhesabu: kikombe chake kimetofautishwa, watoto wamekatazwa kupiga kelele karibu na chumba chake, na maneno ya mgogoro wa mpaka wa kihamba yanakatika kila anapoingia jikoni. Amekuwa mgeni pale alipokatiwa kitovu.

Safari moja, alfajiri ya siku ya tatu, mama yake alimgongea mlango. "Vaa gauni la kazi. Ng'ombe hawana majani." Wakaenda kukata majani, wakarudi na mizigo kichwani, shingo ya dada ikauma wiki nzima, na jioni ile ndipo alipoambiwa habari zote za mgogoro wa mpaka. Huyo mama ameielewa methali kuliko vitabu vya sekondari.

Wapo watakaosema jembe la aliye ughaibuni ni fedha. Ni kweli zinahitajika: ada, dawa, matibabu katika hospitali ya KCMC, bati la nyumba ya mzee. Sizidharau hata kidogo, kwa maana najua zinavyopatikana, kwa zamu za usiku na viatu vilivyolowa theluji. Lakini fedha zina hatari yake. Mtu anayetuma nyingi huacha kukosolewa. Kwenye kikao cha ukoo kila analolisema linakubaliwa, na siku asipokuwepo ndipo ukweli unasemwa. Huyo amerudishwa kwenye kiti cha mgeni kwa heshima zote. Fedha huwa jembe pale mtumaji anapoweza kuambiwa, "Dada, hapo umekosea," akabaki kikaoni. Ndiyo maana nyumba kubwa zinazojengwa vihambani, zikalindwa na mlinzi mwaka mzima na kufunguliwa siku kumi za Desemba, hunitia huzuni. Mwenye nyumba ana mahali pa kulala, ila jirani hana la kumwomba.

Jembe hilo hilo huchimba kaburi. Vijijini majirani ndio wanaochimba, na wanakumbuka nani aliwahi kuja kuwachimbia wa kwao. Reginald Mengi, mtoto wa Machame aliyesoma uhasibu Uingereza na kuja kuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa nchini, alifariki Dubai Mei 2019 na kuzikwa kwao Machame. Wachagga wengi wa ughaibuni huchangishana kuwarudisha wenzao, hata kama gharama inaumiza. Wengine sasa wanachagua kuzikwa walikoishi, karibu na watoto wao, na sioni kwamba wamekataa kwao. Wamezikwa walikokuwa na zamu.

Lakini nisiisifu methali kupita kiasi. Wapo waliopewa jembe maisha yote bila kupewa mahali. Binti wa mlimani amelima kihamba, amebeba majani, amechuma kahawa, na bado kwa mila kihamba kinakwenda kwa mtoto wa kiume, mara nyingi kitinda mimba akibaki na nyumba ya wazazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, ila kikao cha ukoo mara nyingi hukaa mbali na sheria hiyo. Dada wa Uru ana zamu Tübingen na ana zamu kwa mama yake, lakini mama akifariki zamu ya pili itategemea huruma ya kaka. Vilevile Moshi mjini wapo waliozaliwa mitaa ya katikati, watoto na wajukuu wa mafundi, wachuuzi na wenye maduka waliotoka Bara Hindi. Sheria ya kutwaa majengo ya mwaka 1971 ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Ililenga haki ya wengi, na haki hiyo ilihitajika. Lakini kwa baadhi ya familia hizo ilikuwa kama kunyang'anywa mpini baada ya vizazi vitatu vya kulima, na wengi waliondoka kwenda Uingereza na Kanada.

Ndiyo maana suala la uraia kwangu ni suala la methali hii. Tangu Juni 2024 Ujerumani inamruhusu anayeomba uraia wake kubaki na ule wa kwao. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inasema mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anapoteza wa hapa, na kwa sheria za ardhi asiye raia kwa kawaida hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa njia ya uwekezaji. Serikali imeandaa hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, kupitia marekebisho ya sheria yaliyopelekwa bungeni mwaka 2024, na ni hatua nzuri, kwani inawapunguzia vikwazo vya kuingia, kukaa na kuwa na ardhi. Lakini haiwapi kura. Inawakaribisha, inawatandikia, inawashukuru kwa fedha wanazotuma. Watoto wa dada yule, waliozaliwa Tübingen, tayari wanajua kufukua mfongo. Mjomba wao huwapeleka na wenzao wa kijijini, na wakizembea huwagombeza kwa Kichagga bila kuwahurumia. Mjomba ameshaamua wao ni nani. Ningependa Bunge nalo liamue, lifungue mjadala wa uraia pacha hadi mwisho, na liwasikilize watu hawa wakiwa wenye zamu, maana wengi wao wamekuwa wakiliomba jembe kwa miaka mingi sasa.