Skafu ya Gryffindor na Nguo ya Zambarau

Somo: Danieli 1:1-8, 5:29, Matendo ya Mitume 19:18-19

Wazazi kadhaa wameniuliza jambo moja, kwa hivyo nalijibu hapa mbele ya wote. Vijana wetu wanatafuta mavazi ya Hogwarts, ile shule ya uchawi katika vitabu vya Harry Potter. Je, ni dhambi?

Kwanza tujue tunasema nini. Mwandishi ni J.K. Rowling wa Uingereza, na kitabu cha kwanza kilitoka 1997. Shule yenyewe haipo popote. Ina nyumba nne, kila moja na rangi zake: Gryffindor ni nyekundu na dhahabu, Slytherin kijani na fedha, Ravenclaw buluu na shaba, Hufflepuff manjano na nyeusi. Basi kijana anaenda kwa mitumba, anachagua sweta ya kijivu, shati jeupe, sketi ya malinda, tai ya mistari, skafu. Jamani, si hiyo ni sare ya sekondari? Tulivaa sisi wenyewe, tena kwa lazima!

Slytherin wana alama ya nyoka. Mimi nyoka singevaa, lakini hayo ni yangu, si amri ya kanisa.

Sasa mwangalie Danieli. Alipelekwa Babeli akiwa kijana, akafundishwa elimu ya Wakaldayo, akapewa jina la Belteshaza, jina lenye mungu wa mfalme ndani yake. Hatusomi kwamba aligombana juu ya jina, wala juu ya darasa. Alisimama mezani, kwa chakula cha mfalme, kwa sababu pale ndipo alipoona unajisi. Miaka mingi baadaye Belshaza akaamuru avikwe nguo ya zambarau na mkufu wa dhahabu. Danieli alikuwa ameshamwambia abaki na zawadi zake, lakini alivikwa. Je, alibadilika? Ujumbe wa ukutani ulikuwa umeshatoka kinywani mwake, na usiku uleule mfalme akauawa kama ilivyoandikwa.

Mtu ataniambia, "Mchungaji, na Efeso je? Si walichoma vitabu?" Ndiyo, vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Lakini soma polepole. Waliochoma ni wale waliokuwa wakiufanya uchawi wenyewe. Walikuja wakaungama, kila mtu na vyake. Hakuna aliyeingia chumba cha mtoto wake usiku.

Na hapa nitasema ukweli, hata kama hamtaitikia amina. Kuna mama anayetaka kuchoma skafu, na mtoto wake mchanga amefungwa hirizi kiunoni. Kuna baba anayekemea tai ya mistari, na dukani kwake kuna kitu amezika mlangoni ili wateja waje. Kumbukumbu la Torati 18 haizungumzii sweta. Inazungumzia hicho ulichozika.

Kijana akianza kujaribu kuita mizimu au kupiga ramli kwa kweli, hilo ni jambo lingine. Mlete tuongee na tuombe naye, bila kumpigia kelele.

Jumamosi kwenye ibada ya vijana, mwenye skafu aje nayo. Wazee wa mlangoni nimeshawaambia, hakuna mtu atakayevuliwa.