Noti Iliyochanika Yafaa Kupewa Nani?

Ndugu zetu wa pwani waendao Kitui na Makueni kununua ndengu, mbaazi na maembe wametuuliza suala ambalo huenda mtu akalidhania dogo: noti iliyochanika, au iliyoliwa na mchwa, au iliyoungwa kwa gundi, yafaa kufanywa nini?

Tumeona tulijibu hapa, kwani tumearifiwa ya kuwa wako miongoni mwetu wazikusanyao noti hizo Mombasa juma zima, kisha wakapanda nazo bara, wakazitia katikati ya bunda zuri, wakamlipa mama mzee katika soko la Kalundu au la Wote magharibi ikikaribia, wakati macho hayaoni vyema. Wao huuita ujanja. Sisi twauita kwa jina lake, nalo ni ghushi.

Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alipita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Mwenye mali akasema ni mvua. Udhuru ule haukumfaa. Aliulizwa mbona hakuiweka juu nafaka iliyolowa watu wakaiona, na mwenye kughushi akahesabiwa kuwa nje ya safu ya wafuasi wake. Tazameni, mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lilikuwa kuficha. Basi na noti ndivyo ilivyo: kukufikia ikiwa imechanika si dhambi yako, lakini ukiikunja ili upande mbovu usionekane, hapo hesabu yako imeanza.

Imamu Ghazali katika Ihyaa amesema juu ya dirhamu mbovu, akaona kuitia mkononi mwa watu ni dhulma isiyokoma kwa mtu mmoja, kwani wa kwanza humpa wa pili, na wa pili humpa wa tatu, na mzigo humrudia aliyeanza. Kwake yeye, bora itupwe kisimani. Lakini tusimfahamu vibaya Imamu. Ile ilikuwa fedha isiyo safi. Hii yetu ni fedha ya haki iliyojeruhiwa, na thamani yake bado ingaliko. Kuitupa ni kupoteza mali, na kupoteza mali kumekatazwa.

Mahali pake ni benki. Benki za biashara huzipokea noti zilizochakaa na kuzirudisha Benki Kuu ya Kenya, na ile iliyoharibika sana Benki Kuu yenyewe huikagua na kuamua ilipe kiasi gani. Sasa na tupime. Benki Kuu ina tawi Mombasa. Kitui haina, wala Makueni. Mfanyabiashara wa pwani aweza kwenda kwa miguu baada ya sala ya adhuhuri, naye yule mama atokaye kijijini atalipa nauli kufika mjini, na pengine nauli ile ikala robo ya noti yenyewe. Basi aliye karibu na dawa amemtwika ugonjwa aliye mbali nayo! Wakamba waliteremka Rabai na Mombasa kwa pembe na nta tangu zama za babu zetu, na biashara ile haikuweza kusimama ila kwa kuaminiana.

Wako pia wanunuao noti mbovu, wakatoa shilingi 800 kwa noti ya 1,000. Jambo hili watu wengi hawalitii moyoni, nalo ni zito. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Amman mwaka 1986 iliamua ya kuwa fedha ya karatasi ina hukumu ya dhahabu na fedha katika zaka na katika riba. Kwa hiyo shilingi kwa shilingi ni sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Wala ubovu hauhalalishi nyongeza: Bilal, Allah amridhie, alibadilisha pishi mbili za tende duni kwa pishi moja ya tende njema, akaambiwa kuwa hiyo ndiyo riba khasa, na kwamba auze zile duni kwanza, kisha anunue njema kwa thamani yake. Mwenye kutaka faida ya kupeleka noti za watu benki na aseme wazi kuwa ataka ujira wa kazi yake na nauli, alete kilicholipwa chote, kisha apewe ujira wake.

Na sanduku la msikiti je? Wenye kuhesabu hutoa humo noti ambazo muuza samaki angezikataa. Katika Suratul Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kukusudia kibaya tukakitoa, ilhali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. (Hatusemi hapa juu ya noti zirushwazo na kukanyagwa harusini kwa jina la kutunza, hilo lina siku yake.)

Ukimwonyesha muuzaji noti mapema, akaiona, akairidhia bila kuona haya wala kulazimishwa, ni halali. Na aliyekwisha kumpa mtu kwa kuficha, na amtafute amrudishie. Ikiwa hamjui tena wala hampati, na atoe kiasi kile sadaka kwa niaba ya yule mama, kwa noti nzima.