Ladha, Hukumu na Mzabibu wa Chile
Swali la kama ladha ni ujuzi wa kitu kinachoonjwa, au ni hisia ya mwonjaji tu ambayo hakuna awezaye kuikosoa, lilichunguzwa na David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, katika insha aliyoichapisha mwaka 1757, ambamo alisimulia upya kisa kilichomo katika riwaya ya Cervantes, *Don Quixote*. Watu wawili wa ukoo mmoja waliombwa wauonje mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza aliusifu ila akasema una ladha kidogo ya ngozi, wa pili naye akausifu ila akaona ladha ya chuma, na wote wakachekwa mpaka pipa lilipokauka na ndani yake ukaonekana ufunguo mkuukuu wenye ukanda wa ngozi. Kwa Hume, huo ulikuwa uthibitisho kwamba ulimi mwepesi hugundua sifa zilizomo kweli katika kitu, hata kama wengi hawazihisi.

Historia ya mzabibu uitwao Carménère inaonyesha kwamba jambo hili ni gumu zaidi. Aina hiyo, yenye asili ya Bordeaux nchini Ufaransa, ilipelekwa Chile katika karne ya 19, kabla filoksera, yaani mdudu mdogo anayeshambulia mizizi ya mizabibu, haijaangamiza mashamba ya Ulaya. Kwao ikakaribia kutoweka, na ugenini ikachanganyika na aina nyingine, Merlot, hata zote mbili zikaitwa kwa jina hilo. Mvinyo uliotokana nazo ulikuwa na ladha ya pilipili hoho mbichi isiyotarajiwa katika Merlot, na ilikuwa rahisi kudhani kwamba chanzo chake ni udongo na hali ya hewa ya Chile. Mwaka 1994 Mfaransa Jean-Michel Boursiquot, bingwa wa ampelografia, yaani elimu ya kutambua mizabibu kwa maumbile ya majani na vishada vyake, aliitambua Carménère ikiwa shambani katika bonde la Maipo.

Ulimi, basi, ulikuwa umesema kweli miaka yote hiyo. Iliyopotoka ni hukumu. Hume alimtaka mwonjaji awe na mazoezi, azoee kulinganisha, na asiwe na upendeleo, lakini ni vigumu kuona angelinganisha na nini wakati kilichostahili kulinganishwa kilikuwa kimeshasahaulika.

Lililo zito zaidi ni kwamba Carménère huiva wiki kadhaa baada ya Merlot, kwa hiyo ilipovunwa pamoja nayo ilikuwa bado na wingi wa pirazini, kemikali zinazoipa ladha ile ya hoho na ambazo hupungua kadiri zabibu zinavyoiva. Baada ya ugunduzi huo wakulima waliweza kuitenga na kuisubiri, na ladha yenyewe ikabadilika. Ufunguo ndani ya pipa ulibaki vilevile, ujulikane usijulikane. Carménère haikubaki vilevile. Aliyeupenda mvinyo wa awali hawezi kuambiwa kwamba alikosea kuupenda. Alichokosea ni kudhani kwamba anaionja Merlot.