Nilimtengenezea Shangazi Kisu

Shangazi yangu anauza samaki Homa Bay, na kidole chake cha shahada, mkono wa kulia, hakikunji tena. Wateja wakimuuliza husema siku hiyo alikuwa na haraka. Si kweli. Kidole kile nilikiharibu mimi, na kilipokatwa sikuwepo hata. Nilikuwa Migori, matatu mbili kutoka hapo, ukibadilishia Rongo.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, nikiishi kwa kuwaandikia watu vijimakala, na usiku natazama video za wapenzi wa visu. Ndiyo, watu hao wapo, na ni wengi. Wanaweza kubishana saa nzima kuhusu kisu kisichokunjwa: chuma kiishie wapi ndani ya mpini, mpini uwe wa mti gani, kamba ya mwishoni isukwe vipi. Nikanaswa. Fundi mmoja wa jua kali, kando ya barabara ya kwenda Isebania, akanikatia kipande cha springi ya lori, akakifua, akakitia makali. Mpini nikauchonga mwenyewe kwa mti wa mpera. Nikaupiga msasa hadi ukawa laini kama yai, kisha vanishi mara tatu. Fundi alitaka tuache nundu pale mpini unapokutana na chuma. Nikakataa, ati inaharibu umbo. Mwisho nikatoboa tundu nikapitisha kamba ya rangi mbili.

Kilikuwa kisu kizuri, hilo silifichi. Nilikipiga picha kabla ya kumpelekea, na picha ikapendwa sana.

Kisu chake cha zamani kilikuwa kipande cha chuma kilichozungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nilikionea aibu. Sikujua kwamba ule mpira ndio uliokuwa kazi yote. Mbuta ana utelezi na mafuta, na mikono ya anayempasua haikauki tangu asubuhi. Ncha ikigonga mfupa, kisu husimama lakini mkono bado unakwenda. Pasipo cha kuuzuia, vidole huteremka kwenye makali. Kamba aliikata siku ya kwanza, maana ilinyonya damu na kufikia saa sita ilinuka. Mvuvi aliye ndani ya mashua angeishukuru kamba hiyohiyo, kwa sababu kisu kikimponyoka ziwani ndio basi.

Huku kwetu, watu wakizungumza kuhusu visu na maadili huwaza kuua. Baada ya vurugu za 2007 na 2008 wengi walijiuliza kuhusu fundi na muuza panga, na jibu nililolisikia nikikua ni kwamba panga haina kosa, mwenye kosa ni aliyeishika. Jibu hilo lingeniokoa vizuri sana. Aliyekishika changu ni shangazi.

Chuoni nilitoka bila cheti lakini na Plato kidogo. Katika Republic anasema mtengeneza filimbi lazima amsikilize mpiga filimbi, kwa sababu anayeitumia ndiye anayejua uzuri na ubaya wake. Niliandika hayo kwenye mtihani nikapita. Halafu nikaenda kuchonga mpini wa mtu bila kumpigia hata simu.

Marafiki huniambia nilikuwa na nia njema. Nia njema kwa nani? Nilipokuwa nasugua ule mti sikuwa nafikiria mkono wa shangazi, nilikuwa nafikiria picha. Na hata kama ningekuwa namfikiria yeye tu, kuuliza kungenigharimu dakika tano. Kutojua ambako dakika tano zingekuondoa, mimi siwezi kukuita bahati mbaya. Fundi je? Alijua, akanyamaza kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalipa. Bado sijaamua nimweke wapi.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni kingine. Nilipofika, mkono umeshashonwa, wenzake wa sokoni wamekaa naye, akawaambia: "Ni mimi, sikuwa makini." Nilikuwa nimesimama mlangoni na mkate na maziwa. Nikanyamaza. Nilimwacha abebe kosa langu mbele ya watu kwa mkono uliofungwa bandeji.

Ilinichukua miezi minne kumwambia. Akakasirika kidogo. "Ulinileta zawadi. Sasa unataka niigeuze kuwa nini?"

Mwezi uliopita nilienda na bonge la udongo wa mfinyanzi, nikamwomba alikamate jinsi anavyokamata kisu, mikono ikiwa na maji, ili nipate alama ya mshiko wake. Alicheka, akaninawisha kwa maneno mawili matatu, kisha akalikamata. Vidole vitatu na gumba vilizama. Kile kimoja kilibaki kimesimama pembeni, kikielekea ziwani. Akakitazama, akanitazama.

"Na hiki utakiwekea nafasi?"