Je, Ni Halali Kupamba Pikipiki?



Katika barabara itokayo Bukavu kupitia Miti na Kavumu hadi Katana, na katika njia ya udongo ipandayo kwetu Lwiro, pikipiki ni mchukuzi wa kila mtu. Hubeba mihogo na magunia ya makaa, huwapeleka watoto shuleni, na usiku humchukua mama mjamzito mpaka hospitali. Vijana wengi waifanyao kazi hiyo hununua vyuma ving'aavyo vilivyopakwa kromu: vioo, bomba la moshi, usukani, vyuma vya kukinga miguu. Kisha huvifunga wenyewe uani, jioni, kwa spana mbili tatu. Wazee wengine hukiita kitendo hicho kiburi. Vijana hujibu kwamba jasho ni lao. Yafaa basi tuulize: je, ni vema au ni vibaya?

Kwanza yatupasa kusema kwamba uzuri si kosa. Mama afumaye kikapu hutia nakshi, ijapokuwa nakshi haiongezi hata punje moja ya maharage. Wala hakuna amlaumuye. Aipendaye kazi yake hupenda chombo chake kiwe safi na cha kupendeza. Kwa hiyo anayemhukumu kijana kwa sababu tu pikipiki yake yang'aa, amhukumu bila haki.

Lakini kila chombo kina shabaha yake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13, alitoa mfano wa msumeno. Fundi huufanya kwa chuma, wala haufanyi kwa kioo, ijapokuwa kioo ni kizuri zaidi. Kwa kuwa uzuri huo ungeuzuia msumeno usikate. Hali kadhalika pikipiki. Shabaha yake ni kumfikisha mtu salama. Usukani mpya ulio mrefu kupita wa kwanza huweza kuuvuta waya wa breki kila ukatapo kona. Bolti ya urembo iliyo laini haifai mahali pa bolti ngumu yenye alama 8.8 kichwani, hasa pale inaposhika gurudumu au breki. Pambo lizuialo shabaha ya chombo si pambo tena, limekuwa kasoro.

Tena kuna jambo kubwa kuliko hilo. Abiria asimamaye kando ya njia hawezi kuifungua breki aitazame. Huona kile kilicho nje tu. Akiona vyuma vyang'aa, husema moyoni: mtu huyu hutunza mali yake, nami atanitunza. Basi mng'ao ni kama neno asemalo mwenye pikipiki, hata akinyamaza. Ikiwa breki ni nzima na tairi lina meno, neno hilo ni kweli. Ikiwa tairi limekwisha na mnyororo umelegea, neno hilo ni uongo, na amri ya nane yaligusa.

Kromu yenyewe yatufundisha. Ngozi yake juu ya chuma ni nyembamba mno. Mara nyingi haifiki sehemu moja ya elfu ya milimeta. Chini yake mna nikeli, na chini ya nikeli ndipo penye chuma. Fundi akiipaka juu ya kutu, hubambuka baada ya muda mfupi.

Labda mwingine atasema: "Niache kwanza niipambe. Ikipendeza, abiria watakuja. Wakija, nitapata franga za kununua breki." Maneno haya yana akili ya biashara, lakini hayana haki. Maana abiria wa kwanza ndio watakaolipia breki hiyo kwa hatari ya miili yao, wala hawakuulizwa. Hakuna aruhusiwaye kukopa kwa rehani ya uhai wa mwenzake bila mwenyewe kujua. Vivyo hivyo franga zilizowekwa kwa ada ya mtoto au dawa ya mgonjwa si franga za vioo.

Basi, ndugu kijana, shika utaratibu huu. Tazama kwanza breki, matairi, mnyororo na taa, rekebisha kilichoharibika. Ukibakiwa na kitu baada ya mahitaji ya nyumba, pamba. Ukiisha kufunga, geuza usukani kuume na kushoto, uhakikishe kwamba hakuna waya uliobanwa wala uliovutwa. Endesha peke yako kwanza, bila abiria, ukajaribu breki mteremkoni polepole. Kesho yake kaza nati tena, kwa kuwa mtikisiko wa njia zetu huzilegeza.

Ukifanya hivyo, ing'arishe pikipiki yako kadiri upendavyo, wala usiwaonee haya wazee. Atakayeiona itakuwa imemwambia kweli.