Deni Lisilo na Mdai

Wahenga wamesema kwamba ahadi ni deni, na usemi huo umekubalika kwa watu wote hata hakuna anayeuhoji. Lakini ukitazamwa kwa makini una sharti ndani yake. Deni huhitaji watu wawili, mdaiwa na mdai. Na mdai ana uwezo ambao mdaiwa hana, nao ni uwezo wa kusamehe. Akisamehe, deni limekwisha, wala hapana wa kumlaumu aliyesamehewa. Sasa, mtu akijiahidi nafsi yake, pasipo shahidi, kwamba atatenda jambo fulani, mdai wake ni nani? Ikiwa mdai na mdaiwa ni mtu yule yule, basi hakuna msamaha unaopatikana kwa wepesi zaidi ya huo. Usiku mmoja wa uchovu watosha kulifuta deni zima. Je, ahadi ya mtu kwa nafsi yake ni deni kweli, au ni maneno matupu?

Swali hili halikai vitabuni peke yake. Linaishi katika nyumba nyingi ambamo mtu mzima, mwenye kazi na watoto, anajiandaa kwa mtihani wa mwisho wa somo alilojisomea mwenyewe. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika muongo huo wengi walisoma kwa njia ya posta. Kisha Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 ikakianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichozinduliwa rasmi Januari 1994. Chuo hicho hakimtaki mwanafunzi ahame kwake. Kina vituo mikoani, Songea ikiwa miongoni mwao, na vituo vingine visiwani. Mwanafunzi hupokea mtaala na vitabu, akasoma kwa mwendo wake, na siku ya mtihani akafika kituoni kuthibitisha kwamba alisoma.

Jina lenyewe ni fumbo zuri kwa wapenzi wa lugha. Hakikuitwa chuo huru, kiliitwa chuo huria. Aliye huru ni yule asiye na bwana. Kilicho huria ni kile ambacho mlango wake haukufungwa, aingie atakaye na atoke atakaye. Ndipo ugumu ulipo. Katika shule ya kawaida kengele hulia, mwalimu huita majina, na asiyekuwapo huulizwa. Katika chuo huria kengele haipo. Mwanafunzi akilala, hakuna anayemwamsha. Akiliahirisha somo la mwaka huu hadi mwaka ujao, atasoma mwaka ujao. Mlango uliomkaribisha ndio huo huo unaomruhusu kutoka kimya kimya.

Mfano na uwe wa mwalimu wa shule ya msingi katika nyanda za Wamatengo, wilayani Mbinga, au chini yake, kwenye pwani ya Ziwa Nyasa, sehemu ambayo tangu mwaka 2012 ni wilaya ya peke yake. Kutoka Mbinga hadi Songea ni mwendo wa kilomita zipatazo 100. Anayetoka Mbamba Bay huongeza zaidi ya 60, na kwa miaka mingi, kabla lami haijafika ziwani, msimu wa mvua uliigeuza safari hiyo kuwa mtihani kabla ya mtihani. Mwalimu huyu hufundisha kwa Kiswahili mchana, na usiku husoma vitabu ambavyo vingi vimeandikwa kwa Kiingereza. Ana shamba la kahawa, au ana ndugu wenye mitumbwi na nyavu za usipa. Alijiandikisha kwa hiari yake. Hakuna aliyemlazimisha.

Nelson Mandela alisoma sheria kwa njia ya posta akiwa mfungwa, akapata shahada ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, angali kifungoni. Habari zake husimuliwa kuwatia moyo wanafunzi wa namna hii, na ni haki zisimuliwe. Lakini kuna tofauti isiyosemwa. Mfungwa alinyimwa uhuru akabakiwa na jioni zake. Mwalimu wa Mbinga ana uhuru wake, ila jioni zake zina wenyewe. Kahawa ikiiva haingojei. Msiba ukitokea, jirani hawezi kukaa ndani na kitabu. Mtoto akiugua, mzazi hukesha naye.

Tazama basi jinsi ahadi inavyokufa. Haifi kwa kosa kubwa. Juma la kwanza la kuchuma kahawa mwalimu hakusoma, na sababu yake ilikuwa njema. Juma la pili alizikwa mzee wa kijiji, na sababu ilikuwa njema zaidi. Juma la tatu alichoka, na nani asiyechoka? Kila hatua ikipimwa peke yake ina udhuru wake, wala hakuna hakimu ambaye angemtia hatiani. Hata hivyo, hatua hizo zikijumlishwa, mtu ameshaiacha njia, naye hawezi kuonyesha siku aliyoiacha. Ikiwa hakuna siku hata moja aliyotenda kosa, kosa limetoka wapi?

Wako watakaojibu kwamba mdai ni mtu wa kesho. Yule atakayeketi Songea mbele ya karatasi ya mtihani, kalamu mkononi, ndiye anayemdai mtu wa leo. Jibu hili lina nguvu, kwa kuwa mtu wa kesho hana njia ya kujitetea. Atapokea kile tu alichowekewa. Walakini lina upungufu. Mtu wa kesho naye akichoka atasamehe, tena atasema, kama mtu wa leo, kwamba bado kuna mwaka ujao. Mdai mwenye tabia za mdaiwa si mdai wa kutegemewa.

Wengine watasema kwamba mdai ni jamaa. Mke aliyechuma kahawa peke yake ili mumewe asome, watoto walionyamazishwa, ndugu aliyechangia karo: hao ndio waliokopesha, na hao ndio wanaodai. Hapana shaka kwamba wanadai. Lakini jibu hilo halijibu swali, bali linaliondoa. Linageuza ahadi ya nafsi kuwa ahadi kwa watu, jambo ambalo halikuwa na utata tangu mwanzo. Na yule mkiwa asiye na mke wala ndugu, aliyejiahidi peke yake chini ya taa, je, yeye hafungwi na lolote?

Labda kosa liko katika neno lenyewe, deni. Watu wa pwani wana neno jingine linalofaa zaidi, nalo ni amana. Deni ni mali iliyokwisha kuwa ya mkopaji, naye anaitumia atakavyo mradi alipe. Amana si mali ya aliyenayo. Imewekwa mikononi mwake, na kazi yake ni kuitunza jinsi ilivyo. Mwenye amana akisafiri, mtunzaji haruhusiwi kusema, "Hayupo, basi ni yangu." Kutokuwepo kwa mwenyewe hakupunguzi wajibu. Kunauzidisha, maana aliyeko mbali hawezi kuuliza wala kutazama.

Ahadi ya nafsi ni amana ya namna hiyo. Yule aliyejiandikisha siku ile, akiwa na nguvu na akili iliyotulia, ameshaondoka. Yeye ni mtu wa jana, na mtu wa jana hawezi kuitwa ajibu swali. Aliweka kitu mikononi mwa mtu wa leo akaenda zake. Mtu wa leo anadhani ana haki ya kusamehe kwa sababu jina ni moja na uso ni mmoja. Lakini kusamehe ni haki ya mwenye mali. Mtunzaji hasamehi. Analoweza kufanya ni kujiuliza kwa uaminifu: mwenye amana hii, kama angalikuwapo hapa na kuyaona haya, angalisema nini?

Swali hilo lina faida, kwa kuwa linatofautisha udhuru na udhuru. Mzee wa kijiji amefariki. Yule aliyejiahidi angalisemaje? Bila shaka angalisema, "Funga kitabu, nenda ukazike." Hakuahidi kusoma ili aache kuwa mtu miongoni mwa watu. Mtoto ameugua, na jibu ni lile lile. Lakini uchovu je? Siku ya kujiandikisha mwalimu alijua kwamba atachoka. Alikuwa mwalimu siku hiyo pia, na shamba lilikuwepo siku hiyo pia. Uchovu alikwisha kuuhesabu, na juu ya uchovu huo ndipo alipoahidi. Kuuleta tena kama udhuru ni kumwambia mtu wa jana kwamba hakujua alichokijua. Kahawa nayo iko hivyo hivyo. Huiva kila mwaka, si jambo la ghafla. Aliyeahidi alikuwa na wajibu wa kupanga pamoja nayo, kama wavuvi wa usipa wapangavyo pamoja na mwezi. Wao huvua kwa taa, na taa haina kazi kubwa chini ya mbalamwezi, kwa hiyo husubiri usiku wa giza. Mvuvi anaposubiri giza hawi mvivu. Anakuwa mvivu giza likifika naye bado yuko kitandani.

Kipimo hiki kinagusa jambo moja chungu, ambalo aghalabu hupitiwa haraka watu wanapowasifu wanaojiendeleza. Mwalimu akikosa saa za usiku huweza kuzitafuta mchana. Huwaandikia watoto mazoezi ubaoni, akaketi mezani, akafungua kitabu chake cha chuo. Darasa liko kimya, na apitaye dirishani husifu utulivu huo. Hapa amana moja inatunzwa kwa kuila nyingine. Mtoto wa darasa la nne naye ni amana, na ni mwenye amana dhaifu kuliko wote, kwa sababu hajui hata kwamba anaibiwa. Hana namna ya kudai saa asiyojua kuwa ilikuwa yake. Ikiwa kutokuwepo kwa mwenyewe kunauzidisha wajibu, basi kutojua kwa mwenyewe kunauzidisha maradufu. Shahada iliyonunuliwa kwa saa hizo ina thamani kwa mwajiri, lakini mwenye nayo anajua kwamba sehemu ya bei yake ililipwa na watu ambao hawakuulizwa. Heri ya anayechelewa mwaka mzima kuliko anayewahi kwa njia hiyo. Na anayeingia chumba cha mtihani na majibu aliyopewa kwa siri amezidi hapo. Huyo hakuitunza amana wala hakujisamehe, bali ameghushi hati ya kuonyesha kwamba ameirudisha.

Wamatengo wana kilimo chao cha ngoro, ambacho wataalamu wa mbali wamekuja kujifunza. Kwenye miteremko mikali nyasi hufyekwa na kulazwa chini kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba. Kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi zile kwa udongo unaotoka shimoni. Mahindi au maharage hupandwa kwenye matuta, na mashimo huzuia maji yasiuchukue udongo bondeni. Apitaye njiani huona matuta na mazao. Nyasi zilizofukiwa hazioni, nazo ndizo zinazooza polepole na kuurutubisha udongo. Kujiandaa kwa mtihani bila mwalimu ni kazi ya kufukia nyasi. Wanaokariri siku tatu za mwisho hupanda juu ya udongo mtupu. Huenda wakavuna mara moja, lakini mvua ya kwanza huondoka na kila kitu.

Msomaji wa mashairi halioni jambo hili kuwa geni. Hakuna mahakama inayomtia mtu ndani kwa kuvunja mizani. Malenga anayetunga tarbia hujifunga mwenyewe kwa vina alivyovichagua katika ubeti wa kwanza, na afikapo ubeti wa kumi neno linapogoma, angeweza kujisamehe, na wengi hawangegundua. Asiposamehe, anamheshimu yule aliyeuanza ubeti wa kwanza. Anayetunga shairi huru naye ana ahadi zake, huenda zikawa ngumu zaidi kwa kuwa hazihesabiki kwa vidole. Hayupo asiyefungwa katika kazi yoyote njema. Tofauti ni kamba, na mikono iliyoifunga.

Je, basi mtu hana ruhusa ya kuacha? Anayo. Yako masomo ambayo mtu huyaingia bila kuyajua, na iko siku ambapo mwenye amana mwenyewe angalisema, "Basi, inatosha, geuka." Lakini amana hurudishwa mchana, mbele ya macho. Anayeacha kwa haki hukaa, akapima, akatamka kwa kinywa chake kwamba ameacha, na akawaambia waliomsaidia. Anayeteleza hasemi kitu. Miaka kumi baadaye, akiulizwa, atajibu kwamba bado anasoma. Wote wawili hawana shahada. Wa kwanza ameipoteza hiyo tu. Wa pili amepoteza pia jambo ambalo Kiswahili hulitaja kwa neno moja, kujiamini. Siku hizi neno hilo hutumika kwa maana ya ujasiri wa kusimama mbele za watu. Asili yake ni nzito zaidi: ni mtu kuweza kuliamini neno lake mwenyewe, kama aliaminivyo neno la rafiki ambaye hajawahi kumdanganya. Aliyejidanganya mara nyingi hana tena wa kumkabidhi kitu. Akijiahidi jambo usiku wa leo, anajua tayari kwamba anazungumza na mtunzaji asiyeaminika.

Msimamizi wa mtihani Songea hukagua kitambulisho, huhesabu karatasi, hutazama saa. Anaweza kujua kama aliyeketi mbele yake ndiye aliyejiandikisha. Kama amekuja na kile alichokabidhiwa, hilo litapimwa kwa sehemu tu na alama zitakazotoka baadaye. Sehemu iliyobaki anaijua mtahiniwa peke yake, kabla hata hajaigeuza karatasi.