Deni la Aliyepigana Vita vya Mwingine

Mtu aliyepigana vita visivyo vyake, je, astahili heshima, ama alikuwa mjinga tu? Wasomaji wapenzi, yafaa tulitazame swali hili, kwa maana lagusa ufuko wetu wa Ziwa Nyasa.

Tarehe 13 Agosti, 1914, meli ya Waingereza, jina lake Guendolen, ilifika Liuli, ikaipiga kwa mzinga meli ya Wadachi, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wake hakuwa hata na habari kwamba vita vimeanza. Ugomvi ule ulizaliwa Ulaya. Lakini watu weusi walipigana pande zote mbili, na makumi ya maelfu ya wapagazi wakafa kwa njaa, maradhi na uchovu. Wengi hawakupenda kwenda, walishikwa.

Mambo kama haya yalitokea Marekani zamani. Katika vita vya uhuru wao, tangu 1775 hata 1783, watu weusi wapata 5,000 walipigana upande wa Wamarekani. Wengine wengi waliwakimbilia Waingereza, walioahidi kuwapa uhuru watumwa wa waasi. Baadhi yao waliupata kweli. Lakini taifa lile, lililojitangaza huru mwaka 1776, lilikaa na watumwa hata 1865.

Basi tuseme nini? Wako wasemao, "Hawakupigania nchi yao, kwa hiyo hatuna deni kwao." Mimi naona sivyo. Aliyeamuru vita ndiye atakayeulizwa kwa nini; lakini jasho ni la yule aliyelitoa. Ubaya wa bwana hauondoi taabu ya mtumishi, wala taabu ya mtumishi haitakasi shauri la bwana.

Tena kukumbuka si kusifu kila tendo. Wako askari waliolitumikia jeshi lililochoma mashamba ya Ungoni katika Majimaji ya 1905 hata 1907. Hao nao wakumbukwe kwa kweli, mema yao na mabaya yao.

Tazama Simoni wa Kirene. Alishurutishwa kuuchukua msalaba, hakuuomba. Walakini Marko ameandika jina lake, na majina ya wanawe wawili.

Sisi je? Sanamu iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi yumo katika maandishi. Jina la kikosi chake, Carrier Corps, ndilo lililozaa jina la Kariakoo, na wangapi wanunuao sokoni humo humkumbuka?

Hata vijijini kwetu, kanisa likiisha kujengwa, husomwa majina ya walioamuru. Ya waliochukua mawe na maji hayasomwi. Basi kama katika ukoo wenu alikuwako mpagazi au askari, mwulizeni mzee aliye hai jina lake, na vijiji alivyopita, na kama alipata ujira wake. Mkaliandike jina hilo kabla mzee huyo naye hajalala.